Maumivu ya Kifua: Kutoka Mbita Hadi Migori na Kurudi

Neno kifua katika Kiswahili hubeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja. Kwanza ni kiungo, ile sehemu ya mwili iliyo kati ya shingo na tumbo. Pili ni maradhi, kwa kuwa anayesema "mtoto huyu ana kifua" hakusudii kwamba watoto wengine wamezaliwa bila kifua. Anakusudia kikohozi na pumzi inayokoroma usiku. Tatu ni sifa ya tabia: mtu asiyeweza kuhifadhi siri huambiwa kwamba hana kifua, na yule aliyeijua habari akaifungia ndani husifiwa kwamba anacho. Wanafunzi wa semantiki wamezoea kuzijadili maana kama hizi darasani, wakazipanga chini ya polisemia, kisha kengele ikalia na somo likaisha. Kwa mgonjwa aliyeketi mbele ya tabibu, maana hizo hazipangiki kwa urahisi namna hiyo. Huja zote pamoja, na aghalabu ile ya tatu ndiyo huizuia ile ya pili isitamkwe.

Si kwamba lugha ina upungufu wa maneno ya maumivu. Kichomi ni maumivu makali yanayodunga ubavuni mtu avutapo pumzi, na wazee wengi walilitumia jina hilo kwa ugonjwa wa mapafu wenyewe. Kiungulia ni ule uchachu unaopanda kutoka tumboni na kuunguza koo. Kubanwa na kifua ni jambo jingine kabisa, nalo huweza kutokana na pumu au na moyo. Hata hivyo, mkazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, ambaye Kiswahili alikipata shuleni, sokoni na redioni baada ya kunyonya Dholuo kwa mamaye, mara nyingi huwa na kitenzi kimoja tu cha kumfaa: kinachoma. Katika Dholuo, chuny ni ini na papo hapo ni makao ya nafsi na hisia, ilhali moyo unaopiga ndani ya mbavu huitwa adundo. Anayelitafsiri neno chuny harakaharaka kuwa moyo humpeleka tabibu mahali ambapo mgonjwa hakukusudia kwenda.

Mama mmoja mchuuzi wa omena wa Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, alikitumia kitenzi hicho kwa muda wa miezi minne mnamo mwaka 2022. Alikuwa mjane wa umri wa miaka 50 na ushei. Kazi yake ilikuwa kununua omena ufukweni alfajiri mashua zirudipo, kuianika juu ya nyavu zilizotandazwa chini, na kuiuza kwa gorogoro sokoni. Maumivu yalianza kama jambo dogo katikati ya kifua, jambo la kusuguliwa kwa mafuta na kusahauliwa. Baadaye yakaanza kumwamsha usiku. Alimweleza mwenye duka la dawa kwamba kifua kinamchoma, naye akamfungia vidonge vya kupunguza asidi, kwa maana katika maduka ya dawa kuchoma ni vidonda vya tumbo hadi ithibitishwe vinginevyo. Wiki tatu baadaye akafungiwa antibiotiki. Kila mara nafuu ilikuja kwa siku chache, kama inavyopenda kumjia aliyekwisha kulipa.

Duka la dawa lisidharauliwe. Hufunguliwa mapema na kufungwa usiku, halina foleni, halidai kadi, na mwenye duka humwita mteja kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wasomi wanaoshangaa kwa nini watu wa mashambani huanzia dukani badala ya hospitalini hawajawahi kuacha karai la omena juani ili wakakae kwenye benchi hadi saa nane mchana. Mvua ikinyesha kabla ya kurudi, mtaji wa wiki nzima umeharibika. Tatizo la duka ni moja tu, nalo ni kubwa: haliulizi maswali. Huuza jibu.

Na katika eneo hilo maswali ni mengi. Kifua kikuu ndicho cha kwanza kufikiriwa, na kwa haki. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 na 2016 ulikadiria wagonjwa 558 kwa kila watu 100,000, na ukaonyesha kwamba takriban wagonjwa 4 kati ya 10 walikuwa hawagunduliwi wala kutibiwa. Lakini kifua huuma kwa sababu nyingine pia. Huko Nyatike, upande wa Migori, vijana huponda mawe ya dhahabu katika machimbo yaliyo karibu na Macalder, ambako Waingereza walichimba tangu miaka ya 1930. Vumbi la mawe hayo hukaa mapafuni na haliondoki. Wanawake wanaopika kwa kuni na kukausha samaki kwa moshi huvuta hewa chafu kwa miaka mingi. Watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi katika maeneo ya ziwani yenye malaria, hupatwa na maumivu ya kifua yanayoweza kuwaua kwa siku chache. Wapo wenye vali za moyo zilizoharibika kwa sababu ya maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa utotoni. Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, lilidhaniwa zamani kuwa ugonjwa wa matajiri wa Nairobi, na leo linapimwa vibandani hadi visiwani.

Hapa inafaa jambo moja lielezwe bila mzunguko, kwa sababu linachanganywa mno. Kuna maumivu ya kifua yanayohesabiwa kwa dakika na yapo yanayohesabiwa kwa wiki. Yule anayeshikwa ghafla na uzito kifuani kana kwamba amekaliwa na gunia, jasho jembamba likamtoka, maumivu yakapanda tayani au yakashuka mkono wa kushoto, pumzi ikakatika, huyo hana nafasi ya kuchagua hospitali. Aende penye mlango wa karibu ulio na oksijeni na mtu wa zamu, hata kama ukuta wake umebanduka rangi, na rufaa itafuata baadaye. Kila saa inayopita, sehemu ya msuli wa moyo hufa na haifufuki. Lakini maumivu ya wiki na miezi humpa mtu nafasi ya kuchagua, na nafasi hiyo ndiyo mtego wenyewe. Mwenye kuchagua huahirisha.

Mama wa Mbita aliahirisha kwa sababu ambayo hakumwambia mtu. Hospitali ya kaunti ndogo ilikuwa papo hapo mjini Mbita, na ile ya rufaa ya kaunti ilikuwa mjini Homa Bay, mwendo wa matatu wa chini ya saa mbili. Aliogopa zote mbili kwa sababu moja: alijua kwamba mtu akieleza kifua cha miezi, swali la pili litakuwa la kupimwa virusi vya UKIMWI. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018, asilimia 19.6 ya watu wazima wa Kaunti ya Homa Bay walikutwa na virusi hivyo, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Migori ilikuwa na asilimia 13. Takwimu hizo zingetarajiwa kuondoa aibu, maana jambo linalomgusa mtu mmoja kati ya watano si la kumnyoshea mtu kidole. Isitoshe, Homa Bay ndiko shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikoanza kazi mwaka 1996 na kuwapa wagonjwa dawa za kupunguza makali bila malipo tangu mwaka 2001, wakati ambapo sehemu nyingi za nchi hazikuwa na dawa hizo. Watu walionyanyuliwa kutoka kitandani miaka hiyo wangali hai, wanauza sokoni. Walakini aibu haisomi takwimu. Mama aliwajua wauguzi wawili wa Homa Bay. Mmoja alikuwa wa kanisa lake. Aliamini kwamba nao hawana kifua.

Kwa hiyo akaamua kwenda Migori.

Atakayeitazama ramani ataona ajabu ya uamuzi huo. Njia ya lami kutoka Mbita kwenda Migori hupita mjini Homa Bay, ikaendelea hadi Rodi Kopany na Rongo, ndipo ikaingia katika barabara kuu iendayo Awendo, Migori na mpaka wa Isebania. Mgonjwa aliipita hospitali aliyoihitaji, akiwa ameketi dirishani, ameinama mbele na kuegemeza paji la uso kwenye kiti kilichokuwa mbele yake. Abiria wenziwe walidhani analala. Mkao huo wa kuinama ulikuwa na maana kubwa kuliko maneno yote aliyokuwa ameyasema hadi siku hiyo, lakini katika matatu hapakuwa na wa kuusoma.

Binti yake ameolewa mjini Migori, ila mila ya Waluo haimruhusu mama mkwe kulala katika nyumba ya mkwewe, hata akiwa mgonjwa. Akafikia kwa dada yake mdogo, ambaye mumewe hufanya kazi ya kuchomelea vyuma. Wageni hutibiwa kwa mashauri kabla ya kutibiwa kwa dawa, na kwa muda wa siku tano nyumba hiyo iligeuka baraza.

Shemeji alipendekeza kliniki ya karibu. Huko walimtoa damu, wakamwambia ana malaria na taifodi, wakamtundikia maji na kumlipisha shilingi 3,800. Katika nchi hii, mtu anaweza kuingia kliniki na goti lililoteguka akatoka na taifodi. Jirani wa kike, muumini wa Legio Maria, aliona afadhali apelekwe kuombewa. Legio Maria ni kanisa la Kiafrika lililozaliwa katika nchi ya Waluo mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondetto na Gaudensia Aoko, na mlima wake mtakatifu, Got Kwer, uko Migori hukohuko; Ondetto, aliyefariki mwaka 1991, alizikwa hapo. Uponyaji umekuwa kiini cha kanisa hilo tangu mwanzo. Jirani hakumkataza mgonjwa kwenda hospitalini. Alichosema ni kwamba ugonjwa usio na jina una mwenyewe, na mwenyewe huyo hatafutwi kwa eksrei.

Kauli hiyo isichekwe na wasomi. Fasihi yenyewe imekwisha kuizingatia. Grace Ogot, aliyesomea uuguzi Mengo nchini Uganda na akafanya kazi hospitalini kabla ya kujulikana kama mwandishi, alitunga riwaya ya The Promised Land iliyotoka mwaka 1966. Ndani yake Ochola, Mluo aliyehamia Tanganyika na mkewe Nyapol, anashikwa na ugonjwa wa ngozi kwa husuda ya jirani. Hospitali inashindwa, na mganga wa jadi ndiye anayemwokoa. Wapo waliosoma kisa hicho kama ushahidi wa imani ya Waafrika. Huenda ni sahihi zaidi kukisoma kama ushahidi wa muuguzi aliyesimama wodini miaka mingi na kuona ni kwa nini wagonjwa huamka na kuondoka: hapakuwa na mtu aliyewaambia wanaugua nini. Penye ukimya wa daktari, mganga huzungumza.

Na anapozungumza, husikilizwa na umati. Mwaka 2011, Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alikuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kwa shilingi 500 za huko. Maelfu kwa maelfu walifurika, wakiwemo Wakenya wengi, na foleni ya magari ikafika kilomita nyingi. Wagonjwa mahututi waliotolewa hospitalini walifia njiani wakingoja zamu yao, na wengine waliacha dawa zao za kila siku kwa kuamini wamepona. Mwasapile alifariki mwaka 2021. Shemeji wa mama alikuwa amekwenda Samunge kumpeleka babake, na alipoulizwa faida waliyoipata alijibu kwamba mzee alirudi amefurahi. Akanyamaza, kisha akaongeza kwamba walimzika mwaka uliofuata.

Dada mtu hakutaka kabisa hospitali ya umma. Kumbukumbu yake ilikuwa ya mwaka 2017, na mwaka huo haukuwa wa kusahaulika: mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na wauguzi nao wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba. Wodi zilifungwa kwa minyororo. Wale waliokuwa na fedha walikimbilia kwa watu binafsi, na waliokuwa na kidogo walikwenda kwenye hospitali za misheni, ambazo eneo hilo limebahatika kuwa nazo: Ombo mjini Migori, Mtakatifu Kamilo huko Karungu, na ile ya Waadventista ya Kendu iliyoanzishwa miaka ya 1920, baada ya wamisionari wao kufika Gendia mwaka 1906. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013 majengo mengi mapya yamejengwa na kaunti, na pengine mashine mpya zimeletwa. Lakini imani hujengwa polepole kuliko ukuta, na wodi iliyowahi kufungwa hukumbukwa na aliyegonga mlango wake.

Ndivyo mama alivyofikishwa kwenye hospitali moja ya misheni siku ya sita. Aliyemhudumia alikuwa tabibu kijana, mzaliwa wa Ukambani, ambaye Dholuo yake iliishia kwenye salamu. Mpwa wa mama, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ndiye aliyekaa kati yao kama mkalimani.

"Kifua kinauma namna gani, mama?"

"Kinachoma, daktari."

Hadi hapo mazungumzo yalikuwa yaleyale ya dukani. Lakini tabibu huyo hakuandika chochote. Aliweka kalamu mezani akauliza tena, kwa Kiswahili cha polepole, maswali ambayo hayakuhitaji istilahi. Unapolala chali inakuwaje? Ukiketi je? Usiku unalala vipi? Mpwa alitafsiri, na mama akajibu kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kwa miezi minne. Akilala chali, maumivu huzidi kana kwamba kitu kinamlemea kutoka ndani. Akiketi na kuinama mbele, hupungua. Usiku hulala akiwa ameketi, ameegemea magunia. Na miguu huvimba jioni, ila hilo alidhani ni la kusimama sokoni. Jasho la usiku? Ndiyo. Nguo zimelegea mwilini? Mpwa alisita kulitafsiri swali hilo, maana liligusa mwili wa mama yake mkubwa, lakini mama alikuwa amelielewa. Alifungua pini iliyokuwa imeishikilia sketi yake kiunoni, akawaonyesha.

Kifua kinachouma zaidi mtu alalapo na kupoa ainamapo mbele humwelekeza tabibu kwenye utando unaoufunika moyo. Utando huo una tabaka mbili, na kati yake mna majimaji kidogo yanayoulainisha moyo udundapo. Ukiambukizwa, majimaji huongezeka. Yakizidi, huubana moyo usijae damu sawasawa, ndipo miguu ikavimba na pumzi ikawa fupi. Katika sehemu zenye kifua kikuu na virusi vya UKIMWI kwa wingi, chanzo kikuu cha hali hiyo ni kifua kikuu kilichoingia humo. Mgonjwa anaweza asikohoe hata mara moja. Ndiyo maana makohozi, ambayo kila mtu huyatazamia kama alama ya ugonjwa huo, hayakuwepo, na jina kifua kikuu halikumpitikia mtu akilini.

Picha ya kifua ilionyesha kivuli cha moyo kimetanuka chini na kuwa chembamba juu, kama kibuyu. Tabibu aliinua picha dirishani ili mama aone mwenyewe. Akamweleza kwamba kilichobaki ni kupimwa moyo kwa ultrasaundi na pengine kuyatoa maji hayo kwa sindano, kazi ambayo haikuwezekana hapo siku hiyo. Akaandika rufaa, na mahali pa jina la hospitali akaacha wazi. Aliwauliza jamaa wenyewe wangependa wapi.

Swali la wapi likazuka upya, mara hii kwa simu. Mwana wa kwanza, aliye Nairobi, alitaka mama apandishwe basi la usiku aletwe mjini. Alisema wataalamu wote wako huko, na kwa hilo hakusema uongo. Binti alitaka Kisumu, katika hospitali iitwayo rasmi kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga lakini ambayo wenyeji wangali wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa Oktoba 1969, siku ya umwagaji wa damu ambayo Kisumu haijaisahau. Shemeji alitaja Kisii kwa ukaribu. Mtu fulani katika kundi la jamaa la WhatsApp akaleta habari za Tenwek huko Bomet, ambako hupasua mioyo. Michango ilitumwa kwa M-Pesa. Ilipofika shilingi 14,000 mjadala ulikuwa bado haujaisha. Bima ya NHIF, ambayo wakati huo mlipaji wa hiari aliitolea shilingi 500 kwa mwezi, mama alikuwa ameiacha tangu soko lizorote. Mfumo huo uliondolewa Oktoba 2024 na nafasi yake ikachukuliwa na SHA, inayodai asilimia 2.75 ya mapato na isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mchuuzi wa omena ambaye mapato yake hutegemea mbalamwezi, maana omena huvuliwa usiku wa giza, angali anaulizwa na mfumo mpya kama ule wa zamani: kwa mwezi unapata ngapi?

Tabibu alipoombwa ushauri hakutoa hotuba. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba maji yale yanaweza kuubana moyo wakati wowote, na basi la usiku si mahali pa jambo hilo kutokea. La pili, kwamba ikiwa ni kifua kikuu, sindano itachukua saa moja lakini dawa zitachukua miezi sita; basi afadhali mgonjwa achague hospitali ambayo ataweza kurudi, kuliko ile ambayo atafika mara moja tu.

Neno hilo la pili halikuwa limefikiriwa na mtu yeyote. Wote walikuwa wakitafuta mahali pa kumpeleka mama, na hakuna aliyekuwa akiwaza atakaporudi. Mama mwenyewe, ambaye kwa siku sita alikuwa ameamuliwa na wengine, ndiye aliyevunja baraza. Kwa Dholuo, kisha kwa Kiswahili ili tabibu asikie, akasema: "Nirudisheni Homa Bay."

Dada yake alimkumbusha kuhusu wauguzi wale wawili. Akajibu kwamba anawajua na wao wanamjua, na kwamba akifa Nairobi watajua vilevile.

Pale Rongo barabara hugawanyika, moja ikaelekea Kisii na nyingine Homa Bay. Shemeji alikodi gari dogo, mama akaketi kiti cha nyuma akiwa ameinama juu ya mto, na kwenye njia panda dereva akauliza tena kwa hakika. Akaambiwa akate kushoto.

Maji yalitolewa usiku uleule, zaidi ya nusu lita, yenye rangi ya chai ya rangi. Mama alilala chali kabla ya mapambazuko kwa mara ya kwanza tangu masika. Alipimwa pia kile alichokuwa akikikwepa. Majibu ni yake mwenyewe na hayahusu insha hii. Muuguzi wa kanisa lake alikuwa zamu siku ya pili. Alimletea uji katika kikombe cha bati, akamwuliza habari za Mbita, akaenda zake.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma: aina nne kwa miezi miwili ya kwanza, mbili kwa minne inayofuata. Mojawapo hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, na asiyeonywa mapema hudhani anakojoa damu na kuziacha. Mama alionywa, kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Baada ya wiki mbili alihamishiwa Mbita, karibu na soko, akawa anachukua vidonge vyake kila Alhamisi saa mbili asubuhi, kabla ya kugeuza omena.